Mstari wa Nne

Kitovu cha mtoto wa kaka yangu kilikaa wiki tano bila kuanguka, na mimi nilifurahi. Nasema mapema ili usije ukanionea huruma mahali pasipofaa. Kitovu cha kichanga huanguka wiki ya kwanza, ikizidi sana ya pili. Hicho kilinyauka, kikawa cheusi, kikabaki kimening'inia tumboni, na ngozi ya pembeni ikavimba na kuwa nyekundu bila kutoa hata tone la usaha. Wanawake wa kijijini kwetu Nunguni walikuja kumwona mtoto, wakatazama mara moja, wakanywa chai haraka haraka na kushika njia.

Mama wa mtoto aliitwa Kaveke, wa kutoka Tulia, kule Kitui. Alikuja kwetu na mimba ya miezi mitatu na sanduku moja, akaishi na kaka yangu Mulei. Ntheo, wale mbuzi wa kwanza wa posa, ilikuwa bado. Kwa sisi Wakamba, mwanamke ambaye mbuzi wa ntheo hawajafika kwao ni mgeni aliyechelewa kuondoka, na akizaa, mtoto ni wa kwao. Mulei alikuwa ameshanunua mbuzi watatu na kuwafunga nyuma ya jikoni. Siku ilishapangwa, Jumamosi ya mwisho ya Agosti, na baba mdogo Ndolo ndiye angewaongoza wazee kwenda Tulia.

Mtoto mwenyewe aliitwa Nthiwa, jina la marehemu baba yetu, maana mvulana wa kwanza hupewa jina la babu yake. Mama yetu, ambaye sote tunamwita Mwaitu, alikuwa akimpakata na kumwita "mume wangu", akimsuta kwa utani kwamba siku hizi hamletei sukari. Kitovu kilipokataa kuanguka aliacha kumpakata.

Sababu yangu ya kumchukia Kaveke ni ndogo hata naona haya kuitaja. Nina miaka thelathini na sita, sijaolewa, na ninafanya kazi katika maabara ya utafiti Kitui mjini. Krismasi iliyopita tukiosha vyombo, aliniuliza, "Wifi, na hizo chupa zako zote, hazijakuletea hata mume mmoja?" Ni utani wa mawifi, kila boma linao. Mwaitu alicheka mpaka akashika ubavu. Nami nilicheka, nikaliweka neno lile moyoni, na kila nilipolikumbuka lilikuwa bado bichi.

Basi mwezi wa saba Mwaitu alinipigia simu.

"Kasiva, si wewe uko na mashine? Tupimie hii damu tujue ugonjwa imetoka upande gani. Sitaki mbuzi zangu ziende Tulia halafu nirudishiwe kaburi."

"Mwaitu, sisi hatupimi wagonjwa. Tunafanya utafiti."

"Sasa mimi nilikusomesha utafiti ya nani?"

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaanza kukisia. Upo ugonjwa mmoja, nadra sana, ambao dalili yake ya kwanza ni kitovu kisichoanguka na kidonda kisichotoa usaha. Seli nyeupe za damu ndizo askari wa mwili. Kukiwa na kidonda hukimbia ndani ya mshipa, hushika ukuta wake kwa protini fulani, kisha hupenya na kutoka kwenda kupigana. Mtoto asiye na protini hiyo ana askari wengi kupita kiasi, ila hawana cha kushikia. Wanapita karibu na kidonda wakienda zao. Mtoto hupata protini hiyo kwa wazazi wote wawili, na ili akose kabisa lazima wote wawili wamrithishe kasoro. Mzazi mwenye kasoro upande mmoja hutengeneza nusu tu ya protini hiyo, ila huwa mzima wa afya, na maisha yake yote hajui.

Kwenye friza yetu kulikuwa na kingamwili ya kutafuta protini hiyo hiyo. Tuliinunua kwa ajili ya mradi wa vidonda vya wagonjwa wa kisukari. Ni chupa ndogo kama ya dawa ya macho, na ndani yake mna matone yanayojua kitu kimoja tu duniani: kuitafuta protini ile na kuing'ang'ania. Juu yake imeandikwa kwamba ni ya utafiti pekee, si ya kupimia wagonjwa. Mkubwa wetu, Daktari Jabiri, aliyasoma maneno hayo kwa sauti siku chupa ilipofika, akamtazama kila mmoja wetu usoni. Alishamfukuza kijana mmoja kwa kumpimia shangazi yake.

Nilienda Nunguni Ijumaa moja na kikasha cha barafu. Nilimtoa damu Mulei kwanza, kisha Kaveke, kisha mtoto. Kaveke aliushika mkono wa mtoto mwenyewe, akawa anamwimbia wimbo wa Sunday school huku machozi yakimtiririka.

"Asante wifi," alisema. "Wewe ndio umetukumbuka. Wengine wananiangalia tu kama nimeleta nyoka kwa nyumba."

"Ni kazi tu."

"Majibu ikitoka utaniambia mimi kwanza? Hata kama ni mbaya?"

"Wewe kwanza," nikamwambia.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, maabara tupu, Daktari Jabiri yuko Mombasa kwenye harusi ya mpwa wake. Nilihitaji pia damu ya mtu mzima wa afya ya kulinganishia. Ya kwanza nilitoa kwenye akiba ya mradi. Ya pili nilijitoa mwenyewe. Hiyo ni tabia yetu watu wa maabara. Ukikosa mtu mwenye afya unakunja mkono wako wa kushoto na kujidunga, bila kuwaza, maana nani asiyejihesabu mzima?

Nilitenga seli nyeupe, nikazipasua, nikazichemsha, nikazipitisha kwenye umeme ili protini zijipange kwa ukubwa, nikazihamishia kwenye utando mweupe. Utando unaogeshwa kwanza kwa maziwa ya unga yaliyokorogwa, yale yale ya dukani, ili kingamwili isinate ovyo. Kisha ikaingia kingamwili yenyewe. Kisha ya pili, inayoishika ile ya kwanza na kutoa mwanga. Kazi ya siku nzima, na saa kumi jioni niliuweka utando mbele ya kamera.

Mistari mitano ingefaa kutokea. Wa kwanza, wa mtu wa akiba, ulikuwa mnene na mweusi. Wa pili, wa mtoto, haukuwepo kabisa. Wa tatu, wa Kaveke, ulikuwa mwembamba, nusu ya ule wa kwanza. Nilipiga ngumi mezani kwa furaha, peke yangu, kama mwendawazimu. Ndipo nikatazama wa nne. Wa Mulei ulikuwa mwembamba vile vile. Na wa tano, wangu, ulikuwa mwembamba kuliko yote.

Nikasema nimekosea vipimo. Nikaupima utando ule ule kwa protini nyingine ambayo kila seli inayo, na ikatoka sawasawa katika mistari yote mitano. Jumapili sikwenda kanisani. Nilirudia kazi yote tangu mwanzo na jibu likawa lile lile. Kasoro ilikuwa Tulia, na ilikuwa kwetu, na ilikuwa ndani ya mkono wangu wa kushoto.

Nyuma ya miparachichi yetu kuna makaburi mawili madogo ya wavulana waliozaliwa kabla ya Mulei. Mwaitu husema ni surua. Sikuwahi kuuliza vitovu vyao vilianguka lini.

Ungedhani hapo moyo ungenilainika. Haukulainika. Niliogopa, na kwa sababu niliogopa nilikasirika, na hasira yote ikamwendea Kaveke, kana kwamba yeye ndiye aliyeuchora ule mstari wangu. Nikafungua picha kwenye kompyuta. Nikaweka alama kati ya mstari wa tatu na wa nne, nikakata. Kilichobaki ni mistari mitatu: mtu mzima, mtoto, na mama wa mtoto. Ilionekana kamili kabisa. Nikaichapisha kwenye karatasi nzuri ya kung'aa. Ile yenye mistari mitano niliiacha kwenye kompyuta, kwa jina ambalo mtu mwingine asingelishuku.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulikaa sebuleni Nunguni. Walikuwepo Mwaitu, Mulei na baba mdogo Ndolo. Kaveke alikuwa jikoni akitupikia chai, mtoto mgongoni. Niliitoa karatasi.

"Huyu ni mtu mwenye afya," nikasema. "Huyu ni mtoto, hana kitu. Huyu ni mama yake. Mnaona alivyo nusu?"

Ndolo alivaa miwani, akaisogeza karatasi dirishani. "Kwa hivyo imetoka kwa mama."

"Mnaona wenyewe."

Sikusema ndiyo. Nilijivunia hilo, kwamba sikusema ndiyo.

"Na mimi je?" Mulei akauliza. "Si ulinitoa damu pia? Mimi niko wapi hapa?"

Sauti yake haikuwa ya kunishuku. Alikuwa anatafuta mahali pake kwenye karatasi kwa kidole, taratibu, kama mtoto anayejitafuta kwenye picha ya darasa.

"Yako iliganda njiani," nikamjibu. "Barabara mbaya."

Mwaitu alishainuka. Alifungua mlango wa nyuma akapiga kelele wale mbuzi wafunguliwe. Kaveke aliingia na birika, akatuangalia mmoja mmoja, akaiona karatasi mezani.

"Wifi," akasema, "si uliniambia mimi kwanza?"

Nilitazama zulia.

"Keti chini uambiwe," Mwaitu akasema. "Hapana, usiketi. Kwenu mko na ugonjwa, na ulijua. Hata ndugu yako alikufa mdogo, tumesikia. Mbuzi hazitaenda. Beba mtoto wako urudi kwenu, na mapema, gari za Machakos zisiishe."

"Mulei?" Kaveke aliita.

Kaka yangu ni mtu mzuri, na sijapata kuona kitu kisicho na faida kama wema wake siku ile. Alisema, "Mwaitu, tungoje kidogo." Mwaitu akamwambia azike wawili watatu kwanza ndipo amfundishe kungoja. Mulei alilia waziwazi huku akimkunjia mkewe nguo sandukuni, na hakutoka naye.

Langoni Mwaitu alimfuata Kaveke, nikadhani amepata huruma.

"Hiyo jina mtuachie," alisema. "Mzee wangu alikufa mara moja, inatosha. Sitaki nisikie Nthiwa amekufa tena huko Tulia."

"Sasa nimwite nani, Mwaitu? Ameshazoea akiitwa anageuka."

"Wazee wa kwenu hawana majina?"

Kaveke alifunika kichwa cha mtoto kwa leso, akaenda. Huko kwao alimwita Kivuva, jina la baba yake.

Mwezi wa tisa askari wa lango aliniambia kuna mama ananiuliza. Tulia si mbali na Kitui mjini, nami nilikuwa nimeungoja ugeni huo. Kaveke alikuwa amekonda. Alimvua mtoto soksi bila kunisalimia vizuri. Juu ya mguu kulikuwa na kidonda cheusi, kikavu, kikubwa kama kifuniko cha soda, na hakikuwa na usaha wowote.

"Sikuja kwa mambo ya ntheo," alisema. "Hiyo iliisha. Daktari wa hapa anasema anatibu kitu hajui. Nikamwambia wifi yangu alipima, akaona shida iko wapi. Anasema akipata hiyo karatasi yako yote atatuandikia Nairobi, huko wapime watu wa pande zote mbili, pengine mmoja atoe uboho mtoto awekewe. Anasema wengine wanapona, wifi. Wanapona kabisa."

"Hakuna karatasi."

"Si niliiona kwa meza?"

"Ile ilikuwa ya utafiti. Chupa imeandikwa wazi si ya kupimia wagonjwa. Daktari yeyote akiiona ataitupa."

"Basi nipatie aitupe yeye."

Hapo alinishinda kwa hoja, na aliyeshindwa kwa hoja hupandisha sauti. Nilimwambia mimi si wifi yake. Nilimwambia akirudi tena nitamwita polisi. Picha ya mistari mitatu nisingeweza kumpa, kwa sababu daktari angeuliza baba yuko wapi. Ya mistari mitano ingenipotezea kazi kwa Jabiri na ingemrudisha Kaveke Nunguni akitembea katikati ya barabara. La pili ndilo lililoniuma zaidi. Nilimwambia askari wa lango asimfungulie tena, nikarudi ndani kuosha vyombo.

Mwezi wa kumi akaja Mulei. Alikaa kwenye kiti changu, akakunja mkono wa shati kabla sijamuuliza kitu.

"Nitoe tena damu. Ile iliganda."

"Ya nini sasa?"

"Nilienda Tulia. Mzee Kivuva hakunifukuza. Aliniambia hivi: ukija kutuhurumia kama mtu mzima anakuja kuona wagonjwa, rudi kwenu. Lakini ukija na wazee wako mseme hii ugonjwa ni yetu sote, nitakufungulia, na tutampeleka mtoto Nairobi pamoja." Alijipangusa uso. "Kaveke mwenyewe anasema daktari hawezi kuwatuma bila kujua ya baba. Kasiva, naomba Mungu iwe yangu pia. Mwaitu hawezi kubishana na mashine. Usiku na mchana naomba nikuwe na hiyo kitu."

Sijawahi kusikia mtu akiomba ugonjwa. Nilimfunga mpira mkononi, nikampata mshipa mara moja, maana mishipa yetu ni mizuri. Nikamwambia akanywe chai mjini arudi saa kumi.

Picha ilikuwa kwenye kompyuta, hatua mbili kutoka nilipokuwa. Nilihitaji kuifungua tu na kumwonyesha kidole: huyu hapa ni wewe. Nilikaa nayo muda wa saa nne. Nilijiambia namwogopa Jabiri. Nilijiambia namhurumia Mwaitu, asije akajua makaburi yale mawili yalitoka wapi. Yote ni uongo. Niliona sura ya Kaveke akiingia tena jikoni kwetu, mbuzi wametangulia, na mimi nikiwa yule wa chupa zisizoleta mume, sasa mgonjwa pia. Sikuweza. Niliimwaga damu ya kaka yangu kwenye ndoo ya jiki, ikabadilika rangi, nikafunga kifuniko.

Saa kumi alirudi na mandazi mawili ameniletea kwenye gazeti.

"Uko mzima," nikamwambia. "Mstari wako ni mnene kabisa."

"Una hakika?"

"Nimerudia mara mbili."

Aliinamisha kichwa mezani akalia kama mtu aliyeambiwa amebakiza siku chache. Alipomaliza aliniambia asante, na kwamba anajua nimejaribu. Akashusha mkono wa shati, akafunga kifungo, akaenda zake. Mandazi niliyala.

Mtoto alikufa mwezi wa kumi na moja, siku ya Alhamisi. Kidonda cha mguu kilifika gotini, kisha homa ikaingia kifuani. Mulei alipopata habari alipanda gari la alfajiri, akakuta ameshazikwa jana yake. Mtoto wa nyumba ile alizikwa na watu wa nyumba ile, na yeye hakuwa mtu wa nyumba ile. Mzee Kivuva alimpa maji ya kunywa nje ya lango na kumpa pole, kama anavyopewa pole mpita njia. Kaveke hakutoka.

Jumapili hiyo Mwaitu alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alivaa lile gauni la samawati la kina mama. Alisema Mungu hutumia hata mashine kulinda wana wake, kwamba kijana wake alikuwa karibu kuingia katika nyumba ya ugonjwa, na msichana wake wa masomo akafunuliwa mapema, wala mbuzi hata mmoja hakupotea. Hakumtaja mtoto. Watu wakasema amina. Mama mmoja wa benchi la mbele aligeuka kuniuliza kwa sauti ya chini kama ninaweza kumpimia mchumba wa mwanawe.

"Kasiva, simama wakuone," Mwaitu akasema.

Nilisimama. Kanisa zima lilipiga makofi. Nilimtafuta Mulei upande wa wanaume, nikamwona karibu na dirisha, macho mekundu, bado ana vumbi la Tulia kwenye viatu. Alikuwa ananitazama kwa shukrani, na alikuwa anapiga makofi kwa nguvu kuliko wote.